Pikipiki ya wawili: Muulize anayekaa nyuma

Leo tunakwenda Bagamoyo. Najua mshazoea nikianza na upepo wa bahari, minazi na pweza wa kukaanga, lakini leo mtanivumilia, nataka kuanza na makalio. Ndiyo, umesoma vizuri. Makalio ya yule anayekaa nyuma kwenye pikipiki.

Vijana wa mjini tunapochagua pikipiki tunaangalia nini? Mlio. Tangi limekaaje. Taa ya mbele iwe kama jicho la nyoka. Inakimbia ngapi. Nenda kijiwe chochote, Sinza, Temeke, Tabata, utamkuta mshikaji anasifia chombo chake ile mbaya: kinachomoka, kinakula kona, mafuta kinanusa tu. Muulize swali moja: "Mwana, wewe ulishawahi kupakiwa nyuma ya hicho chombo chako, hata kutoka hapa mpaka Mwenge?" Atacheka. Hajawahi. Anayeijua pikipiki ile ni yule aliyeshuka, akajinyoosha kiuno, akasema ahsante kaka, akaenda zake bila kugeuka.

Mimi swali hilo lilinifika likiwa na jina na sura. Shemeji yenu ni fundi cherehani, ana meza yake Mwenge. Kwao ni Bagamoyo, mitaa ya Dunda. Mwaka jana mama yake akaanza kusumbuliwa na presha, mara mguu umevimba, mara kizunguzungu, na pale nyumbani wamebaki yeye na wajukuu. Ikawa kila Jumamosi mchana shemeji yenu akifunga cherehani anakimbilia Makumbusho kutafuta gari la Bagamoyo, Jumapili jioni anapigania kurudi. Anayezipanda gari hizo mwisho wa wiki anajua kasheshe lake. Gari haitoki mpaka ijae, ikijaa inajazwa tena. Mara nyingine anafika kwa mama yake saa mbili usiku, mgonjwa keshalala.

Mfukoni nilikuwa na shilingi milioni tatu na laki nne, kibindo cha miaka mitatu, nimeandika huku nikiuza mitumba kule. Hela hiyo ilikuwa na kazi mbili zinazogombana. Moja ni mahari, ambayo mjomba wake alishaitaja: milioni moja na nusu, na mjomba yule si mtu wa kutaja kitu mara mbili. Ya pili ni pikipiki. Ukiitoa moja, nyingine haitoshi.

Nikamweleza mwenyewe. Akaninyamazia, akapandisha sketi kidogo akanionyesha mguu wa kulia, kwenye ndama. Pana kovu pale, jeusi, mviringo kama kopo la dawa ya viatu. Alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, alishukia upande wa ekzosi kwenye bodaboda. Akina dada wangapi wa mji huu wana kovu hilo hilo? Tazama miguu kwenye daladala utahesabu mpaka uchoke. Pikipiki nyingi ekzosi iko kulia, ndiyo maana abiria anatakiwa apandie na kushukia kushoto. Siku ile hakuna aliyemwambia.

"Sinunuliwi pikipiki kwenye picha," akasema. "Nipeleke Bagamoyo nayo. Nikishuka kwa mama nimesimama wima, tutaongea. Nikishuka nimepinda, hela yako peleka kwa mjomba."

Haya, ndugu msomaji, kutoka katikati ya jiji mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70. Siyo mbali kwa mwenye gari. Kwa mtu anayekaa nyuma ya pikipiki ni umbali wa kutosha kujua kama anapendwa. Nikaanza kuazima vyombo kwa washikaji, kila Jumamosi chombo kimoja. Majina ya kampuni naweka kapuni, maana vyombo vyenyewe vilikuwa vya watu, vingine vimeshazeeka, na chombo kizee siyo kipimo cha aliyekitengeneza.

Cha kwanza kilikuwa yale mapikipiki marefu ya porini, ya aina wanayopewa mabwana shamba na watu wa miradi. Nilipokuja nayo Mwenge kijiwe kizima kiligeuka. Kusema kweli ni chombo bomba: tairi ya mbele kubwa, shokapu ndefu, shimo unalipita kama hulioni. Lakini uzuri wote huo ni wa anayeendesha. Siti yake iko juu, ukiwa mfupi unapanda kama unapanda mwembe, tena nyembamba, imebuniwa kwa mtu mmoja anayesimama simama porini. Shemeji yenu alikuwa na gauni, akalazimika kurudi ndani kuvaa suruali na kujifunga kanga juu yake. Kukaa upande, sahau.

Jambo la ajabu tuliligundua tukishapita Tegeta. Alikuwa ananiambia miguu inacheza, mimi nadhani ni woga. Tulipofika Bunju akanipiga bega, nikasimama, tukanunua madafu, nikainama kutazama. Kumbe pale pa kukanyagia abiria pamefungwa kwenye ule mkono unaoshika tairi la nyuma, siyo kwenye fremu. Pikipiki nyingi za zamani za porini ziko hivyo. Maana yake tairi likipanda, nyayo za abiria zinapanda nalo, likishuka zinashuka. Kilomita 30 mtu anachezeshwa magoti kama anapiga cherehani, na yeye cherehani ameiacha Mwenge. Tulifika Bagamoyo, ndiyo. Alishuka ameshika bega langu, magoti yakitetemeka, na mama mkwe akamwona.

"Shikamoo mama," nikaamkia haraka haraka.

"Marahaba baba. Mbona mwanangu anatembea kama kaangua nazi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kukaa ufukweni kwenye soko la samaki mpaka jioni.

Na hapa nisimame kidogo, maana Bagamoyo haitaki kupitwa hivi hivi. Ukishuka kwenye ule mtaa wa India, wenye nyumba za zamani na milango ya kuchonga, nyingine zimekarabatiwa, nyingine miti imeota ukutani, unafika kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1897. Mbele kidogo ni ufukwe na soko la samaki, ngalawa na mashua zimelala upande maji yakipwa. Pale ngisi anakaangwa unamwona, unampulizia, unakula umesimama. Upande wa pili wa mji kuna misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868 na mbuyu wake, na mnara wa kanisa ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Maiti ile ilitoka bara ikibebwa na watu kwa miguu kwa miezi. Nikikumbuka hilo nilikuwa najiona sina haki ya kulalamika juu ya siti. Lakini Livingstone yeye hakuulizwa kama amestarehe, na mimi wangu ana mdomo.

Jumamosi ya pili nikapata skuta ya zamani ya mzee mmoja wa jirani, mtu mpole, anaifuta kwa kitambaa kila asubuhi kama kikombe. Hapo shemeji yenu alitabasamu. Siti pana, bapa, laini. Ekzosi imejificha chini, haimgusi mtu. Akakaa upande na gauni lake, mkoba mapajani, mkono mmoja kiunoni kwangu, tukatoka Mwenge kama harusi. Mpaka Boko tulikuwa tunaongea, kitu ambacho kwenye ile ndefu hatukufanya hata kidogo.

Kasheshe ikaanzia kwenye rasta. Mnazijua zile rasta za barabarani, vituta vidogo vidogo vilivyopangwa mfululizo kabla ya tuta lenyewe. Skuta ina magurudumu madogo, hii ilikuwa ya inchi 10, na gurudumu dogo linaingia kwenye kila mfereji ambao kubwa lingepita juu. Meno yaligongana. Halafu ya zamani kama ile, injini iko nyuma, abiria yuko nyuma, ukiongeza resi mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea mikononi. Lami nyoofu haina neno. Lakini kesho yake tulimpeleka mtoto wa dada yake Kaole kuona magofu, kama kilomita tano kusini ya mji, wakati huo njia ina mchanga. Misikiti miwili ya mawe na makaburi ya kale vimekaa kimya chini ya miti, bahari inaonekana kwa mbali. Mahali pazuri ajabu. Ila kwenda kule tulisukuma skuta zaidi ya tulivyoipanda. Hapo tulikuwa watatu, kwa hiyo nilimtanguliza mtoto kwanza, nikarudi kumfuata mkubwa, maana sheria inasema abiria ni mmoja tu, ule mtindo wa mishikaki tuwaachie wachoma nyama.

Usiku ule, tumekaa barazani, mama mkwe akiwa amenyoosha mguu wake kwenye kigoda, shemeji yenu akaniuliza swali la kifundi. "Kwa nini wewe mbele huumii?"

Elimu yangu ni ya kidato cha nne, lakini fizikia sikuitoroka. Nikamwuliza: kwenye Coaster, mtu akipata siti ya nyuma kabisa, lile benchi la mwisho, gari ikipita tuta nani anarushwa mpaka kichwa kinagonga dari? Wa nyuma. Dereva hata chai yake haimwagiki. Kwa sababu wa benchi la nyuma yuko nyuma ya ekseli, tairi linamrusha kama rungu. Pikipiki ni hivyo hivyo. Dereva yupo katikati ya magurudumu mawili, tuta analipata nusu nusu. Abiria yuko juu ya tairi la nyuma, na kwenye pikipiki fupi yuko hata nyuma yake. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa pikipiki ya wawili siyo ulaini wa sponji, ni abiria amekaa wapi. Siti ndefu kwenye chombo kirefu, abiria aweze kusogea mbele ya ekseli, hapo umeshapunguza maumivu mengi kabla hujagusa kitu kingine.

"Basi tafuta ndefu ya kulala, siyo ndefu ya kusimama," akasema. Nakwambia hakuna muuzaji wa pikipiki aliyewahi kunieleza vizuri kama hivyo.

Jumamosi ya tatu nikaazima chombo cha mshikaji wangu wa Sinza, bodaboda kamili, zile za Kihindi za cc 150 zilizojaa mjini. Tumezizoea mpaka tunazidharau, tunaziona za biashara tu. Lakini fikiria, ziliundwa wapi? India, nchi ya watu wanaopakizana kuliko sisi, akina mama wa kule wanakaa upande na sari zao. Sheria za kule zinataka pikipiki iwe na cha kushika abiria, pa kukanyagia, na kizuizi cha nguo kwenye tairi la nyuma. Ndiyo kile chuma kinachokaa kushoto kwenye pikipiki nyingi za Kihindi, ambacho vijana wetu wengi wakishanunua wanakifungua eti kinaharibu shepu. Kumbe chuma kile kimewekwa kwa ajili ya sari, na sari na kanga ni ndugu. Baibui likiingia kwenye tairi siyo jambo la kuchekesha, linamvuta mtu chini.

Basi tukatoka saa tatu asubuhi. Tegeta, pale malori ya saruji yanapoingia na kutoka kiwandani Wazo, ndipo utajua dereva wako ni nani. Abiria haoni mbele. Ukishika breki ghafla helmeti yake inakugonga kisogoni, ko! Tukakubaliana alama: nikimgusa goti mara moja, tuta linakuja, ajinyanyue kidogo kwa miguu. Mara mbili, nashika breki. Ni kitu kidogo lakini mgongo wake ulinishukuru. Na klachi naiachia aste aste, gia nabadilisha injini ikiwa imetulia, siyo kumrusha mtu kichwa nyuma mbele kama kuku anayekula. Nusu ya starehe ya abiria ipo kwenye vidole vya dereva, hiyo huwezi kuinunua Kariakoo.

Bunju ukiishaiacha unaingia mkoa wa Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga, hapo hewa inabadilika, mabango ya viwanja yanauzwa yanaongezeka, mananasi na mihogo pembeni ya barabara. Trafiki nao wamo, na vibao vya 50 siyo mapambo. Kwenye sehemu ya wazi nilikwenda 60. Nikajaribu 80 kidogo, akanifinya. Ukikaa mbele upepo unaukata kwa kifua, wa nyuma unamjia juu ya mabega yako, unamtikisa helmeti kama mtu anamvuta masikio. Kwa hiyo ile pikipiki inayokimbia 140 utaikimbiza na nani? Cc 150 inatosha kabisa kwa wawili, inakwenda 60 bila kupiga kelele. Ya cc 100 nayo inafika, ila watu wawili na mkoba wa unga unaisikia inalia, na mtetemo wa injini inayolia unapanda miguuni mwa abiria.

Kufika Dunda, akashuka kushoto. Akasimama. Akatembea hatua mbili. Nikamwangalia kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Umbo lake zuri," akasema. "Godoro lake limekufa."

Alikuwa sahihi. Siti ile ilishakaliwa na abiria wasiohesabika, sponji imelala imekuwa ubao, na shokapu moja ya nyuma ilikuwa inavuja mafuta. Tukavuta mkeka, mama mkwe akiwa na nguvu kidogo siku hiyo, akatuletea chai ya tangawizi mwenyewe kwa mkono wake. Akaizunguka ile pikipiki, akabonyeza siti kwa kidole kama anavyobonyeza embe sokoni.

"Hii siku ya kwanza ilikuwa nzuri," akasema. "Nunueni ambayo haijachoka."

Jumatatu iliyofuata tukaenda Kariakoo wote wawili, na hapo ndipo ningependa mngekuwepo. Kijana muuzaji akanikamata mimi, "Karibu bosi, kitu na boksi hii, inakwenda balaa," ananionyesha spidi na taa. Shemeji yenu hakumsikiliza. Alipita akikalia siti za nyuma moja baada ya nyingine, mimi nimekaa mbele nimeshika usukani kama sanamu. Alikaa kwenye saba. Alikuwa na vipimo vyake. Anakanyaga, anatazama goti: likikunjwa sana kama mtu aliyechuchumaa, anashuka. Anatafuta cha kushika bila kunishika mimi, maana alisema siku tukigombana ashike nini? Anatazama ekzosi ina bati la kuzuia moto au chuma kitupu. Anajinyanyua, anajitupa chini kwa nguvu, watu wanageuka. Ya moja, yenye tangi la kuvutia na siti ya nyuma imeinuka kama mkia wa jogoo, hakupanda kabisa. "Hii ya bwana asiye na mtu," akasema, na yule kijana akaiondoa mbele yetu.

Jamaa mmoja aliyekuwa pale kununua vipuri akaingilia, akasema kama tunataka starehe ya abiria basi ni Honda Gold Wing, abiria ana kiti kama sofa. Kweli, chombo kile ni mfalme wa kupakizana, tangu 2001 kina injini ya cc 1,800, na uzito wake unapita kilo 350. Ukikidondosha kwenye mchanga wa Kaole unaita kijiji kizima kuja kukiinua. Tukamshukuru kaka yule.

Aliyoichagua ni ya cc 150, siti ndefu iliyolala bapa, kile chuma cha kushoto kipo, shokapu mbili nyuma zenye ngazi tano. Hili la ngazi wengi hawalijui. Chini ya shokapu pana kola inayozunguka: ukiwa peke yako unaishusha, ukiwa na abiria unaipandisha, pikipiki isikalie matako yake. Mafundi wengi wanaiacha ilivyotoka dukani maisha yote. Upepo nao hivyo hivyo. Pikipiki nyingi zina karatasi imebandikwa karibu na cheni, inakwambia tairi la nyuma upepo kiasi gani mkiwa wawili, na mara nyingi ni zaidi ya ukiwa mmoja. Tairi laini linaonekana starehe, lakini na watu wawili linayumba kwenye kona.

Tulilipa milioni mbili na laki saba. Helmeti mbili juu, ya kwake aliichagua mwenyewe, maana zile za bodaboda zilizopita kwenye vichwa mia hataki kuziona. Bima ikamega chake. Tukabaki na laki nne na ushee, na mjomba hajalipwa.

Hapo moyo ulikuwa unanidunda kuliko injini. Yule kijana akatoa fomu, akaniuliza jina kamili na namba ya TIN kwa ajili ya kadi. Kabla sijafungua mdomo, shemeji yenu akatoa kitambulisho chake kwenye mkoba.

"Andika jina langu."

Nikamtazama.

"Mahari ni ya nani?" akaniuliza. "Ya mjomba au ya kwangu?"

"Ya kwako."

"Basi. Ndiyo hii. Mjomba niachie mimi."

Na kweli alimwachia yeye mwenyewe somo, Jumamosi ile ile, barazani Dunda. Mimi nilikaa nje na pikipiki, nikasikia sauti ya mjomba ikipanda, halafu sauti ya mama mkwe, ndogo lakini haikupanda wala kushuka, ikisema haki ya mwanamke ni aliyoitaka mwenyewe, na kwamba yeye mgonjwa ndiye anayeletewa mwanawe kabla jua halijazama. Mjomba alitoka, akaizunguka pikipiki mara mbili. Akaniuliza inakula lita ngapi. Nikajua yamekwisha. Laki nne zilizobaki zikaingia kwenye ndoa, pilau ya watu wachache, na shokapu zilipandishwa ngazi mbili.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunarudi mjini, Jumapili jioni, trafiki akatusimamisha Kerege. Leseni ipo, bima ipo, helmeti mbili zipo. Akaisoma kadi, akanitazama, akaisoma tena.

"Hii pikipiki ya mwanamke. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwonyesha nyuma kwa kidole gumba. Amekaa upande, mkoba mapajani, kifurushi cha ngisi mkononi.

"Dada," trafiki akasema, "huyu dereva wako anakuendesha vizuri?"

"Bado yuko kwenye majaribio, afande."